Gauni Lenye Mito Miwili

Haya niliyapata kwa mjukuu wangu, yule fundi wa cherehani, Jumapili iliyopita alasiri, akinikata kucha za miguu. Siku hizi miguu yangu siifikii. Naiona tu kule mbali, kama majirani waliohama. Basi kila Jumapili anakuja, ananitia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, anakaa kwenye kigoda, na mimi nangoja. Sina haraka. Mtu akikushika mguu nusu saa nzima, hata kama alikuja hana la kusema, atasema.

Siku hiyo alianza kucheka peke yake kwenye kidole gumba. Alipofika kidole cha tatu akaanza kusimulia, nami nayaandika kama alivyonipa. Chumvi nimeongeza mahali pawili tu, na sisemi ni wapi.

Wako wanawake wanne kwenye chumba kimoja, ghorofani, juu ya duka la viatu. Wa kwanza ni Mwenyekiti, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, ndiye anayekata vitambaa. Wa pili ni Mama Pasi, ambaye kazi yake ni kupiga pasi na kushika simu ya chumba. Wa tatu ni Bi Chaki. Huyo ana miaka karibu sabini, anakaa dirishani, na kipande cha chaki hakimtoki sikioni hata akienda msibani. Amekaa dirisha lile miaka thelathini. Wa nne ndiye mjukuu wangu, mdogo wao, ambaye ameshona miaka mitatu tu na tayari anajua kila kitu.

Chumba kile kina sheria moja. Nguo ikimalizika inatundikwa kwenye msumari wa mlangoni, imegeuzwa ndani nje, mishono yote wazi. Yeyote kati yao anaruhusiwa kuikagua, na akiona kasoro anaitia alama ya chaki. Lakini ukitia chaki umejifunga. Lazima ukae na mwenye nguo, kigoda kwa kigoda, mfumue pamoja, na hakuna kuinuka wala kuondoka mpaka uzi mbovu wa mwisho utoke. Sheria hiyo imepunguza midomo sana. Mtu anaona kosa, anaiangalia chaki, anaangalia saa, anasema, "Aa, si mbaya."

Isipokuwa Bi Chaki. Yeye alikuwa anatia chaki kama anapaka nyumba chokaa, kisha anakaa na wewe mpaka jua linazama, anafumua na kukusema, anakusema na kufumua. Mjukuu wangu alijifunza kazi hivyo.

Sasa, alikuja bibi harusi mmoja, binti mcheshi, akataka gauni lenye mikono mikubwa iliyovimba mabegani. Mjukuu wangu akalishona siku tisa. Mikono ile aliitia wavu mgumu ndani ikasimama yenyewe. Kwanza alishona mkono mmoja wa majaribio kwa kitambaa cha bei rahisi, akaujaza vipande vya nguo auone umbo, akaupenda, ndipo akashona ya kweli. Siku ya tisa akalitundika msumarini, akasimama pembeni akijifanya anatafuta mkasi.

Mwenyekiti akasema si mbaya. Mama Pasi akapiga picha. Bi Chaki akalitazama kutoka dirishani, akakunja mdomo, wala hakuinuka. Hakutia chaki hata nukta.

Kumbe alikwenda kusemea pengine. Saa ya mapumziko, ile nusu saa ya baada ya chakula ambapo mashine zote zinanyamaza na kila mtu anatafuta pa kujinyoosha, alichukua simu yake ampelekee dada yake sauti. Akabonyeza, akasema, akaachia. Ila dada yake hakupata kitu. Sauti ilikwenda kwenye kundi la wateja wa chumba, watu mia moja na ishirini, na bibi harusi yumo.

Mjukuu wangu anaiweza sauti ya Bi Chaki kama redio. Akaacha kucha zangu, akaigiza:

"Dada, hujambo? Mimi nipo. Leo nimeona kioja. Binti wetu kashona gauni lina mito miwili mabegani. Mito ya kulalia, dada! Bibi harusi akichoka ukumbini hana haja ya kitanda, anageuza shingo tu. Akipita mlangoni apite ubavu kama kaa. Haya, nisalimie shemeji, mwambie ile dawa anywe."

Mimi nilicheka mpaka maji yakamwagika kutoka kwenye beseni. Mjukuu wangu akaniangalia.

"Bibi, na wewe?"

"Nacheka hiyo dawa ya shemeji," nikamwambia. "Endelea."

Basi kundi likawaka. Bibi harusi akaandika neno moja tu, "Jamani," na kisura kinacholia. Baada ya hapo ilikuwa mvua. Huyo mzee ana wivu. Huyo hapendi vijana. Aombe radhi. Aondolewe. Mimi nguo yangu siileti tena akiwepo huyo. Wengine hata hawajawahi kushona pale, wamo kundini kwa sababu ya kuulizia bei. Mama Pasi akamtoa Bi Chaki kwenye kundi, kisha akatengeneza picha yake yenye mstari mwekundu usoni, kama bango la kukataza maegesho. Mjukuu wangu naye akaandika kwamba ameumia. Akapata mioyo tisini na sita.

"Ilikuwa tamu, bibi," akaniambia, macho yake yapo kwenye kidole changu kidogo. "Sikufichi. Nilikuwa naamka nahesabu mioyo kabla ya kupiga mswaki."

Asubuhi ya pili, Jumanne, Bi Chaki aliingia, akasimama katikati ya chumba, mkoba mkononi.

"Nimesikia nimekosea mahali," akasema. "Nilibonyeza chekundu nikidhani ni kitambaa cha dada. Niliyemuumiza namwomba radhi, nilisema mahali pasipo pake." Wote wakangoja. "Lakini mikono ile ni mito."

"Unasikia?" Mama Pasi akawaka. "Radhi gani hiyo yenye mkia?"

"Mama Pasi, ulitaka niseme si mito? Niongeze na uongo?"

Mwenyekiti akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba wateja wanatishia kuhama, na kwamba Ijumaa wataamua kama Bi Chaki atabaki dirishani au ahamishe cherehani yake nyumbani. Mpaka hapo, asisemeshwe. Bi Chaki akaweka mkoba chini, akakaa kwenye kiti chake, akaligeukia dirisha.

Hapa lazima nieleze jambo dogo, maana bila hilo hamtanielewa. Kila asubuhi, kwa miezi mingi, Bi Chaki alikuwa akimwita mjukuu wangu amtungie uzi kwenye sindano ya cherehani, na zile za mkono kama kumi hivi, azichomeke kwenye kitakia cha pini. Na kila siku na sababu yake. Leo mikono ina mafuta. Kesho nina chafya, nitakosea tundu. Keshokutwa nataka nione kama wewe unajua kutunga. Mjukuu wangu alikuwa anatunga tu, hana habari, anapiga soga huku uzi unapita. Tangu Jumanne ile hakuitwa, na hata angeitwa asingekwenda.

Jumatano ikapita kimya. Bi Chaki alikanyaga cherehani yake kutwa nzima.

Alhamisi asubuhi Mwenyekiti alikwenda kununua vitambaa, Mama Pasi akashuka kupeleka nguo kwa mteja. Wakabaki wawili. Mjukuu wangu anatia vifungo, yule yuko dirishani anakanyaga. Na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya, mjukuu wangu akasikia kitu. Cherehani yenye uzi inaguguna, anasema, kama panya kwenye gunia. Ile ya Bi Chaki ilikuwa inatafuna hewa. Tik tik tik, nyepesi, haina mzigo.

Akainua shingo. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka juu ya sketi ya shule, mbio, na hakuna uzi. Gurudumu la uzi lilikuwa juu pale, limejaa, mwisho wake unaning'inia kama mkia.

Basi unajua watoto wa siku hizi na maagizo yao. Hasemeshwi, imesemwa. Mjukuu wangu akafikiri, akaisemesha cherehani.

"We cherehani, mwambie mwenyewe hana uzi."

Miguu ikasita kidogo kwenye kikanyagio. Kisha Bi Chaki naye akaiinamia mashine yake.

"Cherehani, mwambie huyo binti kwamba najua."

"Cherehani, muulize kama anajua, anashona nini?"

"Cherehani, mwambie nashona ya kwangu, na yeye akashone magodoro yake."

"Cherehani, mwambie ni mikono, si magodoro!"

"Cherehani, mwambie mito, basi. Nimepunguza."

Mjukuu wangu akashindwa. Akaacha vifungo, akaenda dirishani, akaichukua ile sketi. Kwenye upindo kulikuwa na mstari wa vitundu, kuzunguka sketi nzima, umenyooka kama umepigwa rula, kila kitundu na mwenzake nafasi sawasawa. Anasema hajawahi kuona mshono mzuri vile. Haukuwa na uzi tu. Na chini ya meza zilikuwepo sketi nyingine sita, zimekunjwa vizuri, vitundu vitupu. Kazi ya siku mbili. Bi Chaki alikuwa amekanyaga siku mbili nzima ili watu wasikie mashine inalia.

"Bi Chaki, tangu lini huoni?"

"Nani haoni? Naona. Naliona lile bango kule ng'ambo ya barabara, naona mpaka bei. Nakuona wewe ulivyovimba. Kilicho karibu ndicho kinachonikimbia."

"Sasa si uvae miwani?"

Bi Chaki akachukua sketi yake, akaipangusa kama ina vumbi. "Zamani hapa alikuwepo fundi mmoja mkubwa kwangu. Siku aliyokuja na miwani nilisema mbele ya wateja kwamba fundi wa miwani anashona kwa kubahatisha. Watu walicheka sana, maana nilikuwa na mdomo mzuri. Mwezi ule ule hakuletewa hata suruali ya kupunguza. Hili dirisha lilikuwa lake. Sasa nivae miwani, niseme nini?"

Mjukuu wangu anasema hapo ndipo kila kitu kilijipanga kichwani. Kwa nini gauni halikutiwa chaki: kutia chaki ni kufumua, na kufumua kunataka macho. Kwa nini sauti ilipotea njia: picha ya dada yake kwenye simu ni dada mwenyewe kajifunga kitambaa chekundu, na picha ya kundi ni jora la kitambaa chekundu. Kwa mtu wa namna ile, ni chekundu na chekundu.

Na simu ilikuwa mfukoni mwake. Hili alinieleza polepole. Aliitoa. Alijua kabisa nini kingetokea akipiga picha ya vile vitundu. Isingefika Ijumaa. Mioyo isingekuwa tisini na sita, ingekuwa mia mbili, na kila mtu angesema aha, kumbe hata kushona hajui, na bado anasema wenzake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

"Na bado nilikuwa na hasira naye, bibi. Usifikiri hasira ilikwisha. Mikono ile nilishona siku tisa."

"Sasa?"

"Sasa akaniambia, 'Piga, mwanangu, mwanga mzuri uko upande huu.' Akanisogezea na sketi."

Mjukuu wangu akarudisha simu mfukoni. Akalamba ncha ya uzi, akaitunga sindano ya cherehani. Kisha akakaa chini akatunga zile za mkono, moja moja, ishirini, nyeupe kumi na za buluu kumi, akazichomeka kwenye kitakia. Bi Chaki akazipapasa kwa ncha ya kidole, akazihesabu, akaanza kupita upya juu ya vitundu vyake mwenyewe, na sindano ikaingia mle mle.

"Ila sikubali ni mito," mjukuu wangu akasema.

"Nani kakuomba ukubali?"

Ijumaa ikafika. Bibi harusi alikuwa anakuja kujaribu gauni, na Mwenyekiti akasema suala liishe kabla hajafika. Mama Pasi alikuwa ameshika simu tayari kuwatangazia watu mia moja na kumi na tisa. Cherehani ya Bi Chaki ilikuwa imefunikwa shuka. Aliifunika mwenyewe, asije akafunikiwa.

Kabla Mwenyekiti hajafungua mdomo, mjukuu wangu akalichukua gauni, akaligeuza ndani nje, akalitundika msumarini. Akaenda dirishani, akachomoa kile kipande cha chaki sikioni kwa Bi Chaki, akamtia mkononi.

"Una neno na gauni langu? Tia chaki. Hapa, siyo kwa dada yako."

Mama Pasi akaruka. "Hapana! Akitia chaki haondoki mpaka ufumuaji uishe!"

"Ndiyo sheria," akasema mjukuu wangu.

"Na kama akitia chaki gauni zima?"

"Basi atakaa nasi mpaka harusi ya watoto wa bibi harusi."

Mwenyekiti akajikuna shingo. Ile sheria aliiweka yeye. Bi Chaki akainuka, akaenda msumarini. Hakulitazama gauni hata kidogo. Alifumba macho, akapitisha vidole kwenye mishono, kiuno, ubavu, kwapa, polepole kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Chumba kizima kikawa kinatazama vidole.

"Bi Chaki, mbona unapapasa?" Mwenyekiti akauliza.

Mjukuu wangu akaangalia sakafu. Anasema alihesabu vigae vinne. Hakutaka yatoke kwake.

"Sioni vya karibu," Bi Chaki akasema, macho bado amefumba. "Mwaka wa pili huu. Huyu binti ndiye alikuwa ananitungia uzi. Basi, mmejua. Sasa ninyamazieni, nafanya kazi."

Akafika kwapa la kushoto, akasema, "Lo!" Akatoa pini. Mjukuu wangu aliisahau ndani ya mshono. Bibi harusi angeinua mkono kuwapungia watu, angepunga kwa kilio. Bi Chaki akatia chaki pale, nukta moja. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akafumbua macho, maana kwa mbali anaona, akasogea tena, akatia misalaba miwili mikubwa kwenye mikono yote miwili.

"Pini nakubali," mjukuu wangu akasema, akachukua kitambaa akafuta misalaba. "Mikono sikubali."

Bi Chaki akaiweka tena.

Mjukuu wangu akaifuta tena.

Bibi harusi akawakuta kwenye mara ya tatu. Alisimama mlangoni anawaangalia, fundi wake na yule mzee, wote weupe chaki mpaka nyusi. Mama Pasi akamkimbilia, akaanza, "Pole, mdogo wangu, usijali, sisi tuko nawe, leo hii tunamtoa..."

"Mnamtoa nani?"

"Huyu aliyekutukana!"

"Mimi? Mama Pasi, nililia siku ile saa moja hivi. Kisha mchumba wangu akasikiliza ile sauti, akaanza kutembea ubavu kama kaa ndani ya nyumba. Tumecheka siku tatu. Mimi mikono yangu naitaka vile vile, mikubwa. Nikichoka nitageuza shingo nilale." Akamgeukia Bi Chaki. "Ila bibi, ungeniambia mimi mwenyewe."

"Ningekuambia, mwanangu," Bi Chaki akasema. "Nilikuwa naogopa kuinuka pale kitini." Na hiyo ndiyo radhi aliyoitoa isiyo na mkia.

Mwenyekiti akakaa. Akasema kwa sauti yake ndogo kwamba chaki imeshatiwa, kwa hiyo hakuna wa kuondoka, na kazi ya kesho na keshokutwa iko mezani. Wateja aliwaandikia mwenyewe, kwa kidole kimoja: aliyesema kasema, aliyesemwa kacheka, mwenye nguo alete nguo. Watatu walihama. Mmoja karudi Jumamosi.

Mama Pasi alibaki amesimama na simu. Ukiwa umeshika moto siku nne huwezi kuuweka chini tu, utauweka wapi? Bi Chaki akamwita.

"Njoo hapa, mama. Nionyeshe chekundu kipi ni cha dada."

Mama Pasi akaenda, midomo imevimba. Akakaa naye, akamrudisha kwenye kundi, akaifuta ile picha ya mstari. Halafu akasema, kama anagomba, kwamba mama yake mzazi alikuwa na shida hiyo hiyo ya macho, na kwamba anajua wanapouza miwani, na Jumatatu watakwenda wote wawili, na Bi Chaki asimletee ubishi.

"Na nikivaa, nani atasema neno?"

"Atakayesema nitamchoma na pasi."

Wakafumua lile kwapa, kigoda kwa kigoda, mjukuu wangu ni macho, Bi Chaki ni vidole. Ilipofika saa ya mapumziko mashine zikanyamaza. Mama Pasi akajinyoosha chini ya meza ya pasi kwenye joto lake, akaanza kukoroma mara moja. Mwenyekiti akapanda juu ya meza ya kukatia, akalala chali kati ya mkasi na futi. Bi Chaki akachukua simu amweleze dada yake habari. Akaiweka mbali, mkono umenyooka, akatafuta chekundu, akabonyeza.

Mjukuu wangu alikuwa amejilaza sakafuni karibu na mlango. Simu yake ikatetemeka. Na ya Mama Pasi. Na ya Mwenyekiti, ambayo ilitambaa juu ya meza kama mende, na mwenyewe hakushtuka. Mjukuu wangu akaiweka yake sikioni.

"Dada, wameniacha nibaki. Yule binti ana moyo, dada, mimi nilivyomsema... Jumatatu navaa miwani, usinicheke. Ila ile mikono, nakuapia, bado ni mi..." Baada ya hapo ilikuwa pumzi tu, ndefu, inapanda na kushuka, mpaka kidole kilipolegea ikakatika. Watu mia moja na ishirini.

Akainua kichwa. Bi Chaki alikuwa amelala kitini pake dirishani, shingo upande, simu kifuani, chaki sikioni.

Mjukuu wangu akataka kumwamsha, akaacha. Sakafu ilikuwa ngumu. Akapapasa nyuma yake, akakuta ule mkono wa majaribio, uliojazwa vipande vya nguo, akautia chini ya kichwa. Ulimfaa kabisa. Akaangalia kama kuna aliyemwona, akaona wote wamelala, naye akalala.